Stima na Kurekodi Muziki Mukumu

Muziki wa Waluhya ulirekodiwa zamani, stima ikiwa bado haijafika vijijini mwao. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Kenya mwaka 1950 akikusanya nyimbo, alikuja na mitambo yake na jenereta yake. Injini ilipaswa kuwekwa mbali, waya mrefu ukiileta nguvu mpaka kwenye mashine, la sivyo mngurumo wake ungeingia katika maikrofoni. Hata hivyo umeme ule ulikuwa na faida moja: haukuwa na mtumiaji mwingine wa kuuchafua.

Mukumu, katika eneo hilo la Waluhya, palipo na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadri wa Mill Hill mwaka 1906, pako kando ya barabara ya Kakamega–Kisumu. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Uganda mwaka 1954, Kenya ilianza kununua umeme wake, nao ukasafirishwa hadi Nairobi kwa laini ya volti 132,000. Nguvu ilipita magharibi ya nchi bila kuteremka katika maboma mengi. Studio zilifuata stima, na wanamuziki wakafuata studio: George Mukabi, mpiga gita Mluhya kutoka Kisa, alirekodi Nairobi.

Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini ulikwenda pole pole. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulipunguza ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma. Wakati huo kompyuta ilikuwa imeshatosha kuwa studio nzima.

Stima ya gridi ilileta tatizo ambalo jenereta ya Tracey haikuwa nalo. Transfoma moja hulisha nyumba nyingi, na kinu cha posho kikiwashwa, volti hushuka. Kero kubwa zaidi ni mvumo wa hezi 50 na mara mbili yake. Ngoma za isukuti, ambazo densi yake iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, huufunika. Shiriri, fidla ya uzi mmoja, huuweka wazi.

Mara nyingi chanzo cha mvumo huo ni nyaya za ardhi. Kompyuta na mikisa vikichomekwa kwenye soketi za vyumba tofauti, nyaya za ardhi hukutana tena kupitia kebo ya sauti, na mkondo mdogo ukazunguka humo. Dawa ni kulisha vifaa vyote kutoka soketi moja, au kutumia kebo zenye nyaya mbili za sauti zilizosawazishwa. Wapo wanaokata waya wa ardhi ndani ya plagi ili mvumo uishe. Huisha kweli, ila kasha la chuma likiguswa na waya wa laivu, huua mtu. Njia salama na rahisi zaidi ni kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri ya laptopu.

Bonde la Ziwa Viktoria lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, na Kakamega haikuachwa. Kwa hiyo fimbo ya shaba hupigwa ardhini karibu na bodi ya umeme, nyaya zote za ardhi hufungwa hapo pamoja, na kizuia mawimbi ya volti huwekwa kwenye bodi. Fimbo ya pili isiyounganishwa na ya kwanza hurudisha mvumo, na radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya fimbo hizo husukuma mkondo ndani ya vifaa. Mvua ikikaribia, plagi huchomolewa.