Cobra: gari lililozaliwa kwa kubadilishiwa injini

Mwezi Agosti mwaka wa 2016, huko Monterey katika jimbo la California, gari dogo la rangi ya buluu iliyochakaa liliuzwa mnadani kwa dola milioni 13.75. Lilikuwa ni Cobra ya kwanza kabisa, nambari CSX2000. Walioshindania bei hiyo walikuwa wakigombea bodi ya Kiingereza iliyotiwa injini ya Kimarekani ambayo haikuundwa kwa ajili yake.

Jambo hilo husahaulika kila unapozuka ubishi kuhusu nakala za Cobra, ambazo ni nyingi kuliko magari ya asili yaliyokaribia elfu moja tu. Wapo wanaoshikilia kwamba nakala isiyo na injini ya Ford ni dhihaka. Historia haiwaungi mkono.

Kampuni ya AC, iliyokuwa na karakana yake Thames Ditton, karibu na London, ilizindua gari la spoti lililoitwa Ace mwaka wa 1953. Chasisi ilitokana na kazi ya John Tojeiro, na umbo la bodi lilifuata kwa karibu lile la Ferrari ya zama hizo. Injini yake iliyosifiwa zaidi, ya lita 2 na silinda 6, ilinunuliwa kutoka kampuni ya Bristol, nayo Bristol ilikuwa imerithi ramani yake kutoka BMW ya Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hata kabla Mmarekani hajaigusa, basi, Ace ilikwisha kuwa na wazazi wengi.

Mwaka wa 1961 Bristol ikaamua kuacha kuunda injini hiyo. Wakati huo Carroll Shelby wa Texas, mshindi wa mbio za saa 24 za Le Mans za mwaka wa 1959 pamoja na Roy Salvadori, alikuwa amestaafu mashindano kwa sababu ya maradhi ya moyo. Mwezi Septemba aliwaandikia AC akiomba kutia injini ya Kimarekani ndani ya Ace. Chevrolet, iliyokuwa na Corvette yake ya kulinda, ilimkatalia. Ford ilimkubalia, kwani ilikuwa na injini mpya ya silinda 8 ambayo chuma chake kilisubiwa chembamba, kiasi kwamba uzito wake haukuzidi sana ule wa Bristol.

Mwezi Februari mwaka wa 1962 gari lisilo na injini likasafirishwa kwa ndege hadi Los Angeles. Katika gereji ya Dean Moon likatiwa injini ya Ford ya lita 4.2 na giaboksi ya BorgWarner ya gia 4.

Kuingiza injini kulikuwa mwanzo tu. Mtambo wa usukani ulisogezwa ili kuipisha, na difu ikawekwa nyingine iliyo imara zaidi. Ilipoletwa injini ya lita 7 mwaka wa 1965, chasisi ya zamani haikufaa tena: mabomba yake makuu yaliongezwa upana kutoka inchi 3 hadi inchi 4, na springi za vyuma bapa zikaachwa kwa ajili ya springi za koili.

Biashara hiyo ilikoma mwaka wa 1967, na baadaye zikaja nakala. Uingereza, mafundi wengi walitumia injini ya Rover ya lita 3.5, ambayo nayo asili yake ni Buick ya Marekani. Wengine wakathubutu kutumia Jaguar ya silinda 12. Australia na New Zealand kuna waliochagua injini ya Lexus LS400, gari lililotoka mwaka wa 1989. Ni ya lita 4, silinda 8, imeundwa kwa aluminiamu, na ina sifa ya kudumu.

Taabu yake ni giaboksi. Kiwandani injini hiyo haikuwahi kufungwa na gia za mkono. Fundi hulazimika kuchonga bamba la kuunganishia, kutafuta gurudumu na klachi zinazooana, kurekebisha urefu wa shafti, kisha kuipatanisha kompyuta ya injini na gari isilolijua. Bamba likipinda hata kidogo sana, beringi za giaboksi hazina maisha. Ndugu wa injini hiyo, wa lita 4.7, anajulikana sana Afrika Mashariki: ndiye aliyetiwa katika Land Cruiser tangu mwaka wa 1998, gari ambalo watu huliita kwa kifupi "V8". Lita 4.7 ndio ukubwa uleule wa injini ya Ford iliyotumika katika Cobra nyingi za asili.

Hata sheria imekuwa na maoni yake. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili ya Uingereza ilipima utambulisho wa gari lililobadilishwa kwa alama: chasisi 5, giaboksi 2, injini 1 tu. Huko Port Elizabeth, Afrika Kusini, nakala za Superformance ziliundwa na kupelekwa Marekani bila injini wala giaboksi, mnunuzi akajichagulia.

Shelby mwenyewe hakupendezwa na waigaji, na aliwapeleka baadhi yao mahakamani akidai umbo la gari ni mali yake, ingawa lilichorwa Uingereza kabla yeye hajafika. Mwaka wa 1990 madaktari walimpandikizia moyo wa mtu mwingine. Aliishi nao hadi mwezi Mei mwaka wa 2012, akafariki akiwa na umri wa miaka 89.