Hati: kutoka kalamu za Baghdad mpaka deni la pembe Tabora

Ukienda ofisi ya ardhi kufuatilia kiwanja, swali la kwanza ni: una hati? Ukipita darasa la pili ukamsikia mwalimu anamsifu mtoto mwenye daftari safi, atasema: huyu ana hati nzuri. Neno ni lile lile. Mahali pamoja lina maana ya karatasi yenye nguvu ya sheria, mahali pengine lina maana ya mwandiko wa mkono.

Haikutokea hivi hivi. Kwa Kiarabu, khatt ni mstari, ni mwandiko, na ndilo jina la sanaa ya kuandika herufi kwa uzuri, ile tunayoiona misikitini, kwenye vizingiti vya milango ya Zanzibar na kwenye fremu za ukutani. Kiswahili kililichukua neno hilo na kulipa kazi mpya. Ukitaka kuijua kazi hiyo, pita nami kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

Nianze na leo. Sanaa ya khati inapendwa upya duniani: maonyesho, mashindano, warsha za siku mbili za kujifunza kushika kalamu ya mwanzi. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza khati ya Kiarabu kwenye orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la nchi 16. Oman imo, Yemen imo, Sudan imo. Tanzania haimo, Kenya nayo haimo. Mtu anayesoma orodha ile anaweza kudhani herufi hizi kwetu zilikuwa za kusomea Qurani tu. Sivyo. Kwa karne kadhaa zilibeba Kiswahili chenyewe. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India.

Kwanza, kalamu inafanyaje kazi?

Neno kalamu lilifika kwetu kupitia Kiarabu, na asili yake ni Kigiriki, kwa maana ya tete au mwanzi. Na ndivyo ilivyo: unachukua kipande cha mwanzi mkavu, unakichonga, halafu unakata ncha yake mshazari. Ncha haiwi kali kama ya peni, inakuwa bapa kama patasi ndogo.

Ubapa huo ndio siri yote. Ukiburuta kalamu kwa kufuata ukingo wa ncha, unapata mstari mwembamba kama uzi. Ukiiburuta kwa kukata ukingo huo, unapata mstari mnene. Mkono haukandamizi wala haulegezi. Pembe ya kalamu ndiyo inayoamua unene. Jaribu na chaki iliyolika upande mmoja, utaona mara moja.

Ncha hiyo pia ni rula. Ukiigusisha karatasi mara moja unapata kijisanduku kilichokaa kimshazari, kinaitwa nukta. Waandishi wa khati hupima kila herufi kwa nukta hizo: alifu ina urefu wa nukta kadhaa, tumbo la herufi nyingine lina upana wa nukta kadhaa. Anayesifiwa kwa kuuweka utaratibu huu ni Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Hesabu yake ni tamu kwa sababu haina sentimita. Badilisha kalamu, tumia ndogo au kubwa, uwiano unabaki ule ule.

Na wino? Wino wa kizamani ni masizi yaliyosagwa na kuchanganywa na maji na gundi ya miti ya jamii ya mgunga. Masizi ni kaboni. Kaboni ikiwa kwenye karatasi haibadilishwi kirahisi na mwanga wala hewa, ndiyo maana mwandiko wa miaka mia tano unaweza kubaki mweusi. Gundi kazi yake ni kuzishika chembe za kaboni kwenye karatasi. Lakini gundi inayeyuka majini, kwa hiyo wino huo huo unafutika. Mtoto wa chuo aliandika aya kwenye ubao wa mti, akihifadhi anaosha, anaandika nyingine. Kombe nalo linakwenda kwa kanuni hiyo hiyo ya kuyeyuka: maneno huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yanaoshwa kwa maji, na mgonjwa anakunywa.

Sasa twende Tabora

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, Novemba 1857, baada ya safari ya siku 130 na ushee kutoka pwani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Burton, mtu asiyetoa sifa kirahisi, alimwandika kama msomaji mwenye kumbukumbu kali, na akapata msaada wake katika kukusanya maneno ya lugha za huku. Yaani katikati ya bara, miezi kadhaa kutoka baharini, palikuwa na mtu aliyeishi na vitabu na kalamu.

Alikuwa na haja nayo. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo. Mwenye mtaji alikaa Zanzibar. Taria Topan, Mhindi tajiri, ni mfano mkubwa. Alitoa shanga, nguo na shaba, na mfanyabiashara akaondoka navyo kwa ahadi ya kurudisha pembe za ndovu. Angerudi baada ya mwaka, au miaka. Kati yao kulikuwa na nini cha kushika? Karatasi. Nani kachukua nini, kwa nani, atalipa lini, mashahidi ni akina nani. Hapo ndipo khatt ikawa hati: mwandiko wa mkono ukawa ndiyo dhamana yenyewe.

Barua nazo zilitembea kwa miguu. Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za David Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwenyewe aliupokea Ujiji, na wakati huo ulikuwa na umri wa karibu mwaka mzima. Hata Mirambo, mtemi aliyeitikisa njia yote hii mpaka alipofariki mwaka 1884, aliwasiliana kwa barua na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, kwa kuandikiwa na watu wengine. Alijua kwamba asiye na karatasi Zanzibar hasikiki.

Tusiipambe hadithi hii, lakini. Kalamu hizo hizo ziliandika watu kama mali. Watumwa walinunuliwa, waliuzwa na kurithishwa, na karatasi ilisema nani ni wa nani. Baadaye, wakati wa Wajerumani, karatasi nyingine ilianza kutolewa kwa watumwa waliokombolewa, hati ya uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Fikiria mtu ambaye uhuru wake mzima umekunjwa kwenye kipande cha karatasi, na yeye hawezi kukisoma.

Bibi au pembe?

Hapa pana fumbo la kisayansi. Herufi za Kiarabu hazikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Alama zake za irabu ni tatu, sisi tuna irabu tano. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alieleza kwamba herufi moja, ba, ilibeba sauti za b, p, mb na mp. Alama ya chini ilisimama kwa i na pia kwa e.

Basi jaribu kuandika "pembe" kwa utaratibu huo. Ukimaliza, jirani yako anaweza kusoma "bibi". Anaweza pia kusoma "pepe". Na "kuku" inafanana na "koko". Kwenye njia ambayo bidhaa kubwa ni pembe, si mchezo!

Lakini biashara ilikwenda. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayedai mzigo wa bibi kumi wenye uzito wa frasila kadhaa. Maneno ya jirani yanalirekebisha neno lenye utata. Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, aliliweka jambo hili kwenye hesabu: lugha ina ziada, inasema zaidi ya kinachohitajika, kwa hiyo ukipoteza sehemu ya alama ujumbe bado unafika. Wewe mwenyewe unalifanya kila siku. Ukipata meseji "cjui km 2takuja" hukwami, unasoma tu.

Ila ziada hiyo ina sharti: msomaji awe anajua mambo yenyewe. Mwandishi wa Tabora na msomaji wa Zanzibar walifahamiana, walitumia salamu zile zile na mpangilio ule ule wa barua. Mgeni anayeiokota barua ile leo hana ziada hiyo. Wapo waliojaribu kuziba pengo mapema. Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na mmisionari William Taylor kuongeza alama ili sauti za Kiswahili zitofautiane. Miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin Mazrui, wa Mombasa pia, aliendelea na kazi ya aina hiyo.

Sarafu zinavyosimulia

Mabadiliko ya herufi unaweza kuyaona kwenye sarafu. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba mwaka 1890 mpaka 1892. Upande mmoja una tai na Kijerumani, upande wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Walitaka zikubalike sokoni, na sokoni watu walisoma Kiarabu. Mwaka 1892 huo huo, Berlin, Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa barua na nyaraka za Kiswahili katika herufi za Kiarabu, kwa ajili ya maofisa waliokuwa wakijifunza kuzisoma.

Mwaka 1904 zikaja heller. Kiarabu hakimo. Mwaka 1916, vita vimepamba moto, Wajerumani waligonga sarafu Tabora kwenye karakana ya reli, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Kiarabu hakimo. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Shule za serikali nazo zilifundisha kwa herufi za Kilatini. Waingereza wakaendelea: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya mwaka 1930 ikasimamia tahajia, ya Kilatini. Nitakuwa mkweli, kwa Kiswahili tahajia hii ni rahisi sana. "Pembe" ni pembe. Lakini mzee aliyekuwa karani wa kuaminika mwaka 1890, mbele ya dirisha la ofisi mwaka 1930 akawa kama mtu asiyejua kusoma. Mjukuu wake akasoma shule, na barua za babu hakuziweza.

Hata Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora, tunamsoma kupitia mkono wa mwingine. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyageuza kuwa ya Kilatini na kuyachapisha Ujerumani miaka ya 1902 na 1903. Wengi wetu tukisema tumesoma maneno yake, tumesoma usomaji wa Brode.

Basi warsha ifundishe nini?

Warsha nyingi za khati zinakufundisha kuchora jina lako. Ni jambo zuri, na mkono unatulia. Lakini kwetu hapa nadhani haitoshi. Ukiwa na siku mbili, siku ya kwanza chonga kalamu, pima nukta, andika alifu na ba mpaka mkono ukubali. Siku ya pili andika sentensi ya Kiswahili ya kikale, "nimepokea pembe kumi", mpe mwenzako aisome bila kumwambia imehusu nini. Atakapokwama, ndipo mtakapoelewa kazi ya karani wa Tabora kuliko maelezo yangu yote haya.

Na maonyesho yakifanyika Tabora, au Kwihara kwenye tembe la Livingstone, karibu na aya zilizopambwa iwekwe barua moja ya kawaida, yenye hati mbaya hata, pamoja na usomaji wake kwa Kilatini. Njia hii ipo kwenye orodha ya muda ya Tanzania huko UNESCO tangu mwaka 2006, ikitajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Majengo yanatajwa. Karatasi ni rahisi kusahau, na mchwa hawasahau.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna sanduku la bibi lenye karatasi za Kiarabu, usidhani zote ni dua. Inaweza kuwa deni, wosia, au mpaka wa shamba. Usizibandike selotepu, gundi yake huligeuza karatasi kuwa la njano na kulikausha. Usizipige lamineshani, maana hutaweza kuitoa tena. Usizifute kwa kitambaa chenye maji. Umeshaona wino wa masizi unavyofanya. Zipige picha kwenye mwanga wa mchana, zirudishe kwenye bahasha kavu, halafu mtafute mwalimu wa madrasa anayejua Kiswahili cha zamani mkae naye. Akikwama kwenye neno, mwambie ukoo wenu ulifanya biashara gani. Hiyo ndiyo ziada aliyokosa.