Kigungu: Mahali pa Hija Ukingoni mwa Ziwa Viktoria

Karibu na mji wa Entebbe, katika nchi ya Buganda, iko rasi iitwayo Kigungu. Hapo ndipo waliposhuka, tarehe 17 Februari 1879, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki kuingia Uganda. Na siku hiyo kila mwaka waumini hukusanyika huko kusali.

Safari ilianzia Marseille mwezi wa Aprili 1878, kwa amri ya Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Kutoka Bagamoyo wamisionari walifuata njia ile ile ya misafara ya biashara, mizigo ikichukuliwa na wapagazi, hata wakafika Kageye katika nchi ya Wasukuma mwisho wa mwaka. Watatu wakangoja huko. Wawili wakatangulia kwa mtumbwi ili kuomba ruhusa ya Kabaka Mutesa.

Hawakuikuta nchi tupu. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia pamoja na wafanya biashara wa pwani, na Waprotestanti walifika mwaka 1877. Mackay, mmisionari wa Kiprotestanti, alimsihi Kabaka asiwapokee Wafaransa hao. Mutesa, mtawala mwerevu aliyezoea kumpima mgeni kwa mgeni mwenziwe, akawapokea, na wale watatu wakafika mwezi wa Juni.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi na wasimulizi wa Kigungu: mlango wa dini hizo zote ulikuwa Kiswahili, lugha ya misafara, ambayo Mutesa mwenyewe aliijua. Alama zake zimo katika Kiganda mpaka leo: kitabo, eddiini, omusaalaba; na Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji.

Ubatizo wa kwanza ulifanyika tarehe 27 Machi 1880. Lakini mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakakaa Bukumbi, kusini mwa ziwa, hata Julai 1885. Katika muda huo wasomi walifundishana wao kwa wao, nao wakaongezeka. Kwa hiyo si haki kuhesabu mwanzo wa Kanisa hilo kwa kushuka kwa Wazungu wawili tu. Miaka ile mitatu bila padre ina uzito uo huo, ingawa haina ufuko wa kuhijiwa. Waliofundishwa humo walikuwa miongoni mwa wale waliouawa na Kabaka Mwanga kuanzia Novemba 1885. Ishirini na wawili katika Wakatoliki hao walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Namugongo, walikochomwa moto wengi wao tarehe 3 Juni 1886, huvuta mahujaji wengi kuliko Kigungu, wala si ajabu: damu hukumbukwa kuliko mtumbwi. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera kwa kuligeuza neno la Kifaransa la kumwita padre, alifariki tarehe 12 Mei 1890, naye hajatimiza miaka 37.