Trigger (vm-superio)

Trigger ni kiolesura cha programu ambacho kwacho kifaa cha kuigizwa huamsha kikatizo, yaani huiarifu prosesa kwamba liko jambo la kushughulikiwa. Kimo katika vm-superio, maktaba ya mradi wa rust-vmm iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo huigiza vifaa vya zamani vya kompyuta, mathalan kidhibiti cha kibodi cha i8042, kwa ajili ya mashine pepe. Badala ya kukilazimisha kifaa kufungamana na eventfd, ambayo ni njia ya Linux ya kupelekeana ishara, kiolesura hiki chadai kitendo kimoja tu, nacho ni trigger, kisichopokea hoja yoyote na chenye kurudisha ama mafanikio ama hitilafu. Namna ishara itakavyoufikia mfumo mgeni, yaani ule uendeshwao ndani ya mashine pepe, huachiwa mwenye kuiunda mashine hiyo. Na fadhila yake kubwa, ingawa yaonekana hafifu, ni kwamba msimbo wa kifaa waweza kujaribiwa peke yake pasipo kuendesha mashine nzima.