Usifute ile folda ya "Unknown Artist"

Folda nono kuliko zote kwenye hii diski inaitwa "Unknown Artist". Ndani kuna nyimbo elfu sita na ushei, na nyingi zinaitwa "Track 01". Wasee wa kupanga muziki kwa kompyuta watakwambia hiyo ni takataka, futa uanze upya. Mimi nasema hiyo ndiyo folda ya maana kuliko zote. Lakini kabla nieleze, acha nikiri dhambi yangu.

Diski ni ya anko. Kwa miaka kadhaa alikuwa na kaduka hapa Mikinduri, ka kujazia watu nyimbo kwa memori kadi. Ulikuwa unaleta simu yako ya Kichina, ile ya laini mbili na spika ya kuamsha kijiji, unalipa shilingi 50, unarudi nyumbani na gigabaiti 2 za muziki. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanajua. Sasa kila mtu ana bando, duka lilifungwa, na diski ikaniangukia mimi. Ukitoa sinema za DJ Afro zinabaki nyimbo zaidi ya elfu thelathini.

Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Nikaweka programu ya kutafuta nakala pacha na kurekebisha majina, nikabonyeza "zote", nikaenda kula. Kurudi nikakuta wimbo uliokuwa unaitwa "harusi mikinduri 2011 toka kaseti ya mzee SIDE B" sasa unaitwa "Track 07", msanii hajulikani. Programu ilikuwa imesoma lebo iliyo ndani ya faili, ambayo hakuna mtu aliwahi kuijaza, halafu ikafuta jina la nje ambalo anko aliandika kwa akili yake. Mafaili kama mia nne yalienda hivyo kabla sijazima. Yalikuwa masafi kweli. Sikujua tena yalitoka wapi.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza: haya majina yalipoteaje kwanza?

Chukua santuri ya Kenya ya miaka ya 1970, zile ndogo za wimbo mmoja kila upande. Katikati kuna karatasi ya mviringo. Kwa hiyo karatasi utapata jina la wimbo, la bendi, mara nyingi la mtunzi, la kampuni, na nambari ya toleo. Hiyo ni sentimita chache tu za karatasi, lakini ukiwa nayo unaweza kumtafuta mtu. Nairobi ilikuwa inatoa hizi santuri kwa wingi, benga ikitoka kwa Wajaluo ikiingia kwa Wakamba, Wakikuyu na Wameru, kila jamii ikiigeuza kwa lugha yake.

Halafu kaseti ikatawala. Kaseti halali ilikuwa na karatasi yake, sawa, lakini nani alikuwa nayo? Wengi walikuwa na nakala ya nakala, jina limeandikwa kwa biro: "Meru mix". Baadaye ikaja CD ya MP3, sahani moja ya megabaiti 700 ikiwa na nyimbo mia na hamsini au zaidi, jalada moja kwa wote. Halafu memori kadi, ambayo hata mahali pa kuandika haina. Kila mara tulipohamia chombo kinachobeba zaidi, jina ndilo lilishuka njiani. Sauti ilifika, mwenyewe akaachwa stendi.

MP3 yenyewe ilizaliwa bila nafasi ya jina. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer kule Ujerumani walichagua hizo herufi, .mp3, Julai 1995, na shida yao ilikuwa kupunguza ukubwa wa sauti. Jina la mwimbaji halikuwa tatizo lao. Mwaka 1996 jamaa anaitwa Eric Kemp akatengeneza kiraka kinachoitwa ID3: baiti 128 zimebandikwa mwisho wa faili. Herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo. Na baiti moja, moja tu, ya aina ya muziki.

Hiyo baiti moja ndiyo inanichoma. Haikuwa nafasi ya kuandika, ilikuwa nambari unayochagua kwenye orodha ya aina 80. Nambari 75 ni polka. Kulikuwa na roki za kila namna na disko. Benga haiko. Taarab haiko, mugithi haiko, rumba haiko. Ukiwa na ngoma za Chuka, mojawapo ya vitu vikali zaidi kusikika pande zote za Mlima Kenya, ulikuwa na uchaguzi kati ya nambari 48, muziki "wa kikabila", nambari 72, ambayo ni kitu hichohicho kwa neno lingine, na nambari 12, "mengineyo". Sidhani Kemp alikuwa na nia mbaya. Aliorodhesha anachokijua. Lakini orodha ya mtu mmoja ikaingia kwa karibu kila simu na kila redio ya matatu duniani, ndiyo maana hadi leo simu yako inakwambia wimbo wa mazishi wa Tigania ni "Other".

Na si aina tu. Andika Kĩmĩrũ vizuri, na zile ĩ na ũ zake. Seti ya herufi ya kawaida wakati huo ilitengenezwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Ina ñ ya Wahispania, ina ã ya Wareno, lakini haina ĩ wala ũ. Kwa hiyo jina sahihi linarudi likiwa na alama za kuuliza: K?m?r?. Toleo la pili la ID3, la 1998, lilirekebisha hilo, lakini mafaili ya anko mengi yalipita kwa mashine ambazo hazikuwa na habari. Nilidhani zile alama ni virusi. Kumbe ni lugha yangu imekosa kiti.

Sasa utasema, si kuna programu zinatambua wimbo kwa kuusikiliza? Ziko, na ni nzuri. MusicBrainz, kwa mfano, ni hazina ya majina iliyoanza mwaka 2000, inajazwa na watu wa kujitolea. Lakini inatambua kile ambacho mtu alishaandika. Nikiiwekea Fela inanipa mpaka mwaka wa toleo. Nikiiwekea mzee wa Tharaka na gitaa lake, kimya. Kimya ni afadhali. Wakati mwingine jina la wimbo likifanana tu na la wimbo mwingine inakupa jibu la uongo kwa ujasiri, na kuna wimbo wangu mmoja wa Kimeru sasa umebatizwa mugithi ya Kikuyu. Waembu na Wambeere wanajua haya maumivu vizuri zaidi kuliko sisi.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha tofauti ya jina na ukosefu wa jina. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet kwa Wakipsigis akarekodi wasichana wakiimba kuhusu "Chemirocha", jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwa gramafoni. Tracey alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni na kuna mengi ya kumlaumu, lakini alikuwa na tabia moja: kila rekodi ilikuwa na kadi. Nani ameimba, wapi, lugha gani, chombo gani. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, na hizo kadi zikakaa huko. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa ILAM na mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul Music ya Nairobi imo, wakarudisha hizo sauti Kapkatet, na wakapata baadhi ya waliorekodiwa wakiwa bado hai. Waliwapata kwa sababu kadi ilikuwa na mahali na jina. Jaribu kufanya hivyo na "Track 07".

Mfano wa karibu zaidi ni Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu wake ana jina lilelile, wengine mnamjua kama KMRU, anafanya muziki wa sauti za ajabu kule Berlin. Huyo kijana amekuwa akichukua nyimbo za babu yake, anazisafisha na kuzitoa tena Bandcamp, zikiwa na majina yake. Mtu akinunua, jina la Kamaru linasomeka. Hiyo ni kazi ya kupanga diski, hakuna uchawi mwingine.

Na pesa iko hapo, msijidanganye. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda utunzi mpaka miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Lakini kama hujui nani alitunga, hiyo miaka 50 unaanza kuihesabia wapi? Redio ikicheza wimbo usio na jina, mrabaha unaandikiwa nani? Kuna mama fulani Tigania pengine anasikia sauti ya marehemu mume wake kwa matatu kila asubuhi, na hajawahi kuona hata shilingi.

Kwa hiyo sasa nimebadilisha utaratibu. Kwanza, diski ya anko sigusi tena, nafanya kazi kwa nakala. Pili, sifuti jina la nje hata likiwa bovu namna gani. "NEW HIT dj nani wa Maua 2009" inaonekana uchafu, lakini inakwambia wimbo ulipitia mkono wa nani na lini. Nalinakili lote kwenye sehemu ya maelezo kabla ya kuandika jina jipya. Tatu, nakala pacha nazisikiliza. Zile mbili nilizokuwa nifute, moja ilikuwa na sekunde kumi zaidi mwanzoni, mwimbaji akijitaja jina na kijiji! DJ alikuwa ameikata kwa ile nyingine.

Halafu nabeba spika. Jioni wazee wakikaa kufunga miraa kwa majani ya ndizi, nawachezea kutoka kwa folda ya wasiojulikana. Mwanzoni walidhani nauza kitu. Sasa wanabishana. Mmoja anasema huyu ni Mwigembe, sikia anavyotamka. Mwingine anasema wewe umezeeka masikio, huyo ni Mwimenti. Mwaka hawakupi, wanakwambia ilikuwa wakati rika fulani linatahiriwa, na mimi nabaki na nafasi ya tarakimu nne nikijiuliza niandike nini. Naandika rika kwa maelezo, nafasi ya mwaka naiacha wazi. Nimepata majina arobaini na moja mpaka sasa. Kati ya elfu sita, ndiyo, cheka tu.

Jana nilicheza ule wa harusi ya 2011, ule nilioharibu. Mzee mmoja akaacha kufunga. Akaniambia nirudishe mwanzo. Akasema jina la mwimbaji limempotea, lakini dada yake yule mtu yuko, anauza ndizi sokoni, upande wa chini, na nisiende na ile spika kubwa kwa sababu atalia.

Nimeazima iafoni za simu. Ninaenda Jumatano.