Nyumba mjini na kijijini: Bei hutegemea kinachouzwa

ANAYELINGANISHA bei ya nyumba mtaani Kisumu Ndogo, mjini Malindi, na ya nyumba iliyoko Ganze au Magarini, hana budi kwanza kujua kinachouzwa. Katika Kaunti ya Kilifi, nyumba na ardhi iliyojengwa juu yake zaweza kuwa na wenyewe tofauti.

Hali hiyo ina historia. Ukanda wa Pwani wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na uliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1895. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wanaodai ardhi wathibitishe haki zao. Ardhi isiyothibitishwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi walikosa hati, wakabaki maskwota katika ardhi waliyoilima.

Aidha, miji ya Pwani ina desturi ya muda mrefu ya nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Anayenunua nyumba ya namna hiyo hununua kuta na paa tu. Bei huwa nafuu, lakini benki haitaikubali kwa urahisi kuwa dhamana, na mwenye ardhi akikitaka kiwanja chake, mnunuzi yumo hatarini kupoteza akiba yake yote.

Vijijini mambo ni kinyume. Nyumba ya udongo na makuti huwa na thamani ndogo, na fedha nyingi hulipiwa shamba. Hata hivyo, shamba hilo laweza kuwa la ukoo mzima, wala si la muuzaji peke yake.

Gharama za kisheria pia hutofautiana. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa mali ya Sh1 milioni, mnunuzi hulipa Sh40,000 mjini na Sh20,000 kijijini. Lakini ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi hutakiwa kuwasilishwa katika muda wa miezi sita. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mauzo yasiyo na idhini ni batili.

Kabla ya kutoa hata arbuni, mnunuzi anashauriwa kukagua sajili katika afisi ya ardhi, kuhakikisha jina lililomo ni la muuzaji na kwamba ardhi haina deni. Ikiwa ni makao ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huhitaji idhini ya mume au mke wa muuzaji.

Penye nyumba bila ardhi, mnunuzi amtafute mwenye kiwanja na kupata makubaliano kwa maandishi. Akishindwa kuyapata, asiilinganishe bei hiyo na ya nyumba yenye hatimiliki.