Saratani ya Mitoki

Mtoto wa mji mdogo wa Mombo akijikata mguu kwenye mifereji ya mpunga na kidonda kikatunga usaha, bibi yake atampapasa kinena na kusema: "Ana mtoki huyu." Hahitaji darubini. Ndani ya uvimbe ule chembe nyeupe za damu zinazaliana kwa kasi kupambana na vijidudu. Kidonda kikipona, mtoki hunywea.

Limfoma ni saratani inayoanzia kwenye chembe hizo; ndiyo maana naiita saratani ya mitoki. "Saratani ya matezi" ni pana mno; humo utakuta hadi tezi dume.

Sasa chukua lupasi, baridi yabisi, au ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mate. Haya nayaita maradhi ya kinga kujishambulia. Ni jina refu, najua, lakini neno kinga peke yake limeshatekwa na Ukimwi: ukisema fulani ana tatizo la kinga, jirani anaelewa imeshuka, na jioni analeta unga wa mlonge wa kuipandisha. Kinga ya mgonjwa huyu haikushuka. Imekosea adui, na kwa kuwa adui ni mwili wenyewe, vita haviishi. Chembe huzaliana miaka nenda miaka rudi, na kila zikigawanyika vinasaba vinaweza kunakiliwa vibaya. Baridi yabisi huongeza uwezekano wa saratani ya mitoki kama mara mbili. Sjögren huuongeza zaidi. Hata hivyo, wagonjwa wengi hawaipati kamwe.

Kwetu mchokozi mwingine wa chembe hizo ni malaria. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto, ambao ni aina ya saratani ya mitoki. Mwaka 1961 aliendesha gari kilomita 16,000 hivi akiuliza hospitali zipi zinauona. Akakuta unafuata joto na mvua, na milimani haupo. Barabara inayopanda kutoka Mombo bondeni hadi Lushoto mlimani ingemwonyesha jambo lilelile kuhusu malaria: bondeni imejaa, juu ni haba. Malaria si kinga kujishambulia, ila nayo huzinyima chembe zile mapumziko, hadi kromosomu zikatike na kuungwa visivyo. Ndani ya chembe hizo pia hujificha virusi vya Epstein-Barr, vilivyotambuliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Virusi hivyohivyo leo vinashukiwa kuchochea lupasi.